Barabara iko salama, lakini salama kwa nani?

Tangu 2010, wapenzi wa michezo ya video katika nchi nyingi wanabishana juu ya swali moja: je, kundi katili linaweza kuitwa kundi zuri ikiwa linaleta utaratibu? Mchezo wanaobishania unaitwa Fallout: New Vegas, na ulitengenezwa Marekani na kampuni ya Obsidian. Hadithi yake inatokea mwaka 2281 katika jangwa la Mojave, miaka zaidi ya 200 baada ya vita vya nyuklia kuteketeza dunia. Makundi yanagombania bwawa la umeme la Hoover, na mchezaji anachagua upande wake.

Mkimbizi anayelala chini ya hema anaweza kuuliza: mambo hayo yananihusu nini? Yanamhusu, kwa sababu hoja inayotumiwa kutetea kundi katili kuliko yote haikuanzia kwenye mchezo. Masisi, Rutshuru na Ituri imekwisha kusikika midomoni mwa watu wazima.

Kundi lenyewe ni Caesar's Legion. Lilianzishwa na msomi mmoja, Edward Sallow, aliyesoma historia ya Roma ya kale kisha akajiita Kaisari. Alishinda makabila 86, akayafutia majina, lugha na desturi. Wanaume wakafanywa askari, wanawake wakafanywa watumwa. Katika mji wa Nipton, askari wake walichezesha tombola. Mtu mmoja akaachiwa huru, wa pili akavunjwa miguu, na baadhi ya waliobaki wakatundikwa misalabani kando ya barabara.

Watetezi wa Legion wanajibu kwamba barabara zake hazina majambazi. Ni kweli, mchezo wenyewe unasema hivyo: kuna mchuuzi anayeingia kambini kwa Kaisari na bidhaa zake, naye anausifu usalama wa njia. Wanaongeza kwamba NCR, jamhuri inayopigana na Legion, inatoza kodi, ina viongozi wala rushwa, na inashindwa kulinda watu wake. Hilo pia ni kweli. Tena pale Bitter Springs, askari wa NCR waliwapiga risasi wazee, wanawake na watoto wa kundi la Great Khans waliokuwa wanakimbia. Dhambi hiyo haina haja ya kufichwa ili nyingine ilaumiwe.

Lakini angalia ni shahidi gani aliyeitwa. Ni mchuuzi, mtu anayeuza, anayelipwa na kwenda zake. Hakuna aliyemvisha kola ya bomu shingoni. Kwa nini hakuitwa Siri, tabibu aliyetekwa, ambaye sasa analazimishwa kuwahudumia waliomteka? Kwa nini hakuitwa mama Weathers, anayeshikwa mateka na watoto wake wawili pale Cottonwood Cove? Na wale wanawake wanaopandisha mizigo mikubwa mgongoni katika kambi ya Kaisari, hawapiti wao pia katika njia hizo hizo salama? Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: ukiwa mgongoni pa mtu mwingine, unaonekana mwepesi.

Kivu inaijua hesabu hiyo. Pale kundi lenye silaha linaposhika njia, wizi wa usiku unaweza kupungua kweli. Mwenye lori atasema ni afadhali kulipa bariera moja kuliko kumi. Lakini mkulima analipa jetoni ili aruhusiwe kulima shamba lililo lake, analazimishwa kufanya salongo, na kijana wake anabebeshwa masanduku ya risasi. Mwizi hakuondoka. Amebaki mmoja, na amejipa cheo cha mlinzi.

Hoja ya pili inasema: dunia ikiisha kuharibika, huruma ni anasa, asiye mkali atakufa. Wanaosema hivyo waingie hemani kwa Kaisari. Amekataza watu wake dawa na mashine za matibabu za zamani, eti zinawalegeza. Lakini yeye ana uvimbe ndani ya kichwa, na katika hema lake anaitunza mashine ya kutibu, akisubiri itengenezwe. Sheria ya ukali iliwekwa kwa ajili ya vichwa vya wengine.

Tena walioona dunia yao ikiharibika kweli wako hapa, na hawakusubiri mchezo wowote uwafundishe. Wakati watu walipokimbilia Goma na godoro kichwani na watoto mkononi, familia nyingi ziliwapokea katika nyumba za mbao za vyumba viwili, zikagawana nao unga na maharagwe. Huruma haikuwa anasa siku hizo. Ndiyo iliyofanya watu wafike asubuhi.

Kucheza upande wa Legion si kosa. Watengenezaji waliufungua mlango huo ili mchezaji aingie na aone kilicho ndani. Kosa ni kuingia, kuona misalaba, kuzima mashine, kisha kutoka ukisema walikuwa na haki.

Pale pale Bitter Springs, mchezo umeweka pia kambi ya wakimbizi. Dawa zimepungua, tabibu hatoshi, na kapteni wa kambi anamwomba mpita njia msaada. Mchezaji anaweza kumaliza hadithi yote bila kukanyaga hapo hata mara moja. Wanaosifu barabara za Kaisari wafike kwanza kambini hapo, wawaulize waliolala chini njia ile ilikuwa salama kwa nani. Kisha warudi, mabishano yaendelee.