Musituambie kopi iko, mutuonyeshe inarudi

Vijana wenzetu,

Ukiuliza kwenye biro ya Leta kama data za wananchi ziko salama, jibu ni lile lile: «Musiwe na wasiwasi, kopi iko.» Watu wanashukuru, wanaenda. Swali la pili haliulizwi, na ndilo tunalileta leo: hiyo kopi ilirudishwa lini mara ya mwisho? Na nani? Mbele ya mashahidi gani?

Sisi tulisoma informatique. Wengi wetu tuko na diplome kwenye kabati na kazi haiko. Lakini kazi yenyewe tunaijua, na tunataka kuieleza kwa maneno ambayo hata mama anayeuza sambaza sokoni ataelewa, juu data tunazozungumzia ni zake pia.

Nini iko ndani ya zile mashini

Nchi yetu haijahesabu watu wake tangu sensa ya 1984. Kwa miaka mingi, karte ya kuchagulia ndiyo imekuwa kitambulisho chetu: kwa kufungua konti benki, kwa kununua laini ya simu, kwa kupita barrière. Jina lako, siku yako ya kuzaliwa, sura yako na alama za vidole vyako viliingia kwenye mashini siku ulipojiandikisha. Ongeza lisiti ya mishahara ya walimu, matokeo ya Examen d'État, pointi za wanafunzi kwenye chuo kikuu, na karatasi za parcelle pale zilipoanza kuingizwa kwenye ordinatere.

Mwalimu jina lake likifutika kwenye lisiti, kwake haliitwi tatizo la tekiniki. Linaitwa watoto hawajala. Mwanafunzi pointi zake zikipotea, anarudia mwaka ambao baba aliuza ngombe kuulipia. Kwa hiyo musituambie hii ni mambo ya wataalamu tu.

Kurudi nyuma kunafanyika namna gani

Chukua mama mwenye butiki kwenye kartiye. Iko na daftari ya madeni. Kila Jumapili jioni mtoto wake anapiga picha kurasa zote. Hiyo ndiyo kopi ya akiba.

Alhamisi saa nne asubuhi, mafuta yanamwagika juu ya daftari. Picha iko, ndiyo. Lakini picha inarudisha Jumapili tu. Madeni ya Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi asubuhi yamekwenda.

Sasa fikiria huyu mama alikuwa na desturi nyingine. Kila deni, kabla ya kuliandika kwenye daftari, analiandika kwanza kwenye kikaratasi chenye namba na saa, na kila jioni vikaratasi vinalala kwa dada yake, kartiye nyingine. Siku ya mafuta, anachukua daftari mpya, ananakili picha ya Jumapili, halafu anaandika kikaratasi kimoja kimoja kwa mpangilio wake, mpaka saa tatu na dakika 59. Hapo anasimama. Daftari imerudi kama ilivyokuwa dakika moja kabla ya ajali. Na kama tatizo halikuwa mafuta, kama ni mutu aliyeandika «madeni yote yamelipwa» saa nne kamili, ni njia ile ile: anasimama kabla ya kile kikaratasi cha uongo.

Hivyo ndivyo hifadhi ya data inavyofanya. Picha ya Jumapili ni kopi nzima. Vikaratasi ni jurnali ya mabadiliko. PostgreSQL, programu ya bure ambayo mutu yeyote anaweza kuiweka kwenye mashini yake, inafanya hivi tangu 2005: unaipa kopi, unaipa jurnali, unaiambia siku, saa na dakika ya kusimama.

Lakini angalia masharti. Kikaratasi kimoja kikikosa katikati, safari inaishia hapo. Jurnali ikilala kwenye diski moja na hifadhi yenyewe, zote zinaungua pamoja. Na kuna mtego mwingine: kuwa na serveri ya pili inayonakili ya kwanza papo hapo. Wakubwa wanapenda kuionyesha wageni. Ile inasaidia serveri ya kwanza ikikufa. Haisaidii mutu akifuta kwa makosa, juu ya pili nayo inafuta, sekunde ile ile.

Waliosema «kopi iko»

Tusidhani haya yanapata maskini tu. Tarehe 31 mwezi wa kwanza 2017, usiku, mfanyakazi wa kampuni GitLab, ambayo inatunza kodi za waandishi wa programu duniani kote, alikuwa anajaribu kurekebisha serveri ya pili. Alitoa amri ya kufuta kwenye serveri ya kwanza. Aligundua baada ya sekunde moja ao mbili. Kwenye gigabaiti karibu 300, zilibaki 4,5 hivi.

Walikuwa na njia tano za kujilinda. Walipozifungua, hata moja haikuwa ya kutegemea. Ile kopi ya kila siku iliyotakiwa kulala mbali? Mahali pake palikuwa patupu. Chombo cha kunakili kilikuwa cha toleo la zamani kuliko hifadhi, kwa hiyo kilikuwa kinagoma. Na barua za kutoa taarifa kwamba kinagoma zilikuwa zinakataliwa njiani, hakuna aliyezisoma. Mashini ilikuwa inalia, na kelele haikufika kwa mutu.

Kilichowaokoa ni bahati. Saa sita kabla, mfanyakazi alikuwa amepiga picha ya diski kwa kazi nyingine kabisa, kazi ya majaribio. Waliirudisha ile, kunakili peke yake kulichukua saa 18 hivi. Ya zile saa sita katikati yalipotea: kwa makadirio yao, miradi 5.000 hivi, maoni 5.000 na watumiaji wapya karibu 700.

Jambo moja walifanya ambalo tunaliheshimu. Walifungua mlango. Wakati wanarudisha, waliandika kila hatua mahali ambapo dunia nzima inasoma, na waliionyesha moja kwa moja kwa video. Baadaye walieleza kila kosa, bila kumtupa mfanyakazi mmoja kwa simba. Aibu waliipata, lakini uaminifu walibaki nao.

Na Korea ya Kusini, nchi inayouzia dunia simu na televizyo? Tarehe 26 mwezi wa tisa 2025, moto wa betri uliingia kwenye jumba la serveri za serikali mjini Daejeon. Mifumo 709 ilisimama. Hifadhi ambamo wafanyakazi wa Leta yao walikuwa wanaweka faili za kazi, terabaiti 858, iliungua, na kopi ya nje haikuwa. Sababu waliyotoa: ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Wale si maskini. Walikosa mutu wa kuuliza swali la pili mapema.

Kwetu, hatari inajulikana kwa jina

Sisi watu wa Mashariki hatuhitaji kuhadithiwa moto. Mwezi wa kwanza 2002, volkano ya Nyiragongo ilishuka mpaka kati ya mji wa Goma. Mwezi wa tano 2021 ilirudi, na siku tano baadaye, tarehe 27, kartiye 10 kati ya 18 za mji ziliamriwa kuhama. Watu walishika njia ya Sake na magodoro kichwani. Siku ile, nani alikuwa na kazi ya kubeba data za komini? Ziliandikwa wapi? Kopi ililala mji gani?

Ongeza vita. Mji unaanguka usiku, asubuhi biro ziko wazi, wakimbizi wako kilomita mia mbali bila karatasi, na mutu hawezi kuthibitisha kwamba mtoto ni wake. Ongeza courant inayokatika mara tano kwa siku, wakati mwingine katikati ya kuandika. Nchi yenye hatari hizi zote ndiyo ilitakiwa kuwa ya kwanza kwa kujua kurudisha data.

Tunasikia jibu: «Franga haiko.» Vizuri, tuhesabu. Programu ni ya bure. Rejista ya komini nzima, maandishi yake, inaingia kwenye diski inayotosha mfukoni. Kinachogharimu ni mutu anayejua, saa zake za kazi, na safari ya kupeleka diski kwenye mji mwingine. Msafara mmoja wa wakubwa unakula zaidi ya hapo.

Kurudisha pia kunaweza kuiba

Hapa tunaomba musome polepole. Ukirudisha hifadhi mpaka Jumanne, umefuta Jumatano. Mtoto aliyeandikishwa Jumatano hayuko tena. Kodi uliyolipa Jumatano, mashini inasema hujalipa. Pointi zilizosahihishwa Jumatano zimerudi kuwa mbaya.

Kwa hiyo mutu mwenye ruhusa ya kurudisha data nyuma ana nguvu kubwa. Anaweza kuponya, anaweza kuficha wizi na kusema «serveri ilianguka». Dawa iko, na si ngumu: kopi isirudishwe juu ya hifadhi inayotumika. Irudishwe kwenye mashini ya pembeni, zote mbili zilinganishwe, na kichukuliwe tu kile kilichopotea. Halafu jurnali itunzwe na mkono mwingine, si mkono unaoshika hifadhi. Vikaratasi vya yule mama vinalala kwa dada yake kwa sababu mbili: moto usivifikie, na mutu wa butiki asivibadilishe.

Tunayodai

Tunadai kwa kila biro inayoshika data za raia, kuanzia komini mpaka Kinshasa:

1. Jaribio la kurudisha kila miezi mitatu. Siku na saa ichaguliwe kwa kura. Kopi ifunguliwe kwenye mashini tupu, majina yahesabiwe, na matokeo yabandikwe kwenye mlango: ilichukua saa ngapi, kilikosa nini.

2. Namba mbili zitangazwe. Ya kwanza: ajali ikitokea, tutapoteza kazi ya saa ngapi? Ya pili: biro itafungua tena baada ya saa ngapi? Biro isiyojua hizi namba mbili haina mpango, iko na matumaini tu.

3. Kopi tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja nje ya provensi. Zifungwe kwa siri, na ufunguo usikae kwa mutu mmoja, juu mutu anaweza kukimbia ao kukufa.

4. Kila kurudisha kuwe na procès-verbal: nani ameamuru, kwa sababu gani, mpaka dakika gani, na nini kimefutika. Mwananchi aliyefutika aitwe.

5. Kazi hii ipewe vijana waliosoma, kwa mtihani wa wazi, bila kupitia kwa mjomba wa mutu. Kila mji uko na wenye diplome wanaouza mikopo ya simu kwenye kona.

Hatuombi data za watu ziwekwe wazi. Kinyume chake. Tunaomba uthibitisho kwamba zikianguka zitasimama tena, na kwamba mutu hatazisimamisha kwa namna inayomfaa yeye.

Na wewe unayesoma, anza kwako. TFC yako iko wapi sasa hivi? Kwenye flashi moja, ile inayoingia kwenye mashini zenye virusi za cyber? Leo jioni weka kopi kwa rafiki, halafu ifungue kule, kwenye mashini yake, mpaka ukurasa wa mwisho. Ikifunguka, uko na kopi. Kesho pita kwenye komini yako, salimia kwa heshima, na uwaulize swali la pili.