Nani Anasema, na Nani?

Katika vipindi vingi vya Kiswahili, mwalimu huinua kitabu na kusema, "Kitabu hiki." Darasa zima huitikia, "Kitabu hiki." Mwalimu huridhika, kwani upatanisho wa ngeli haukukosewa. Lakini kitabu kimo mkononi mwake, mwanafunzi aliyeketi mbele yake alipaswa kusema, "Kitabu hicho." Darasa limesema neno sahihi kisarufi, lakini si la kweli.

Mwanaisimu Mfaransa Émile Benveniste (1902-1976), katika makala yake ya mwaka 1970 juu ya tendo la kusema, alieleza kuwa mtu anapoitwaa lugha na kuwa msemaji, papo hapo humweka mwingine mbele yake kuwa msikilizaji. Maneno kama "mimi", "wewe", "hapa" na "sasa" hupata maana kwa yule ayatamkaye, na mahali na wakati anapoyatamka.

Vionyeshi vyetu vinathibitisha hayo. "Hiki" ni kilicho karibu na msemaji. "Hicho" ni kilicho karibu na msikilizaji, au kilichokwisha kutajwa. "Kile" ni kilicho mbali na wote wawili. Jedwali la ngeli huonyesha maumbo hayo, lakini msikilizaji hayumo ndani yake.

Kwa hiyo twapendekeza kitabu kitoke mkononi mwa mwalimu. Mwanafunzi mmoja akishike, mwenzake amwulize, "Hicho ni cha nani?" naye ajibu, "Hiki ni changu." Kisha kiwekwe dirishani, wote wawili wakiite "kile".

Vivyo hivyo katika usemi wa taarifa. Kabla ya kugeuza "Nitakuja hapa kesho", darasa liulizwe: nani anamsimulia nani, wapi na lini? Ikiwa habari inasimuliwa siku ile ile na mahali pale pale, "hapa" na "kesho" hazina haja ya kugeuzwa, ingawa kanuni iliyokaririwa huamuru hivyo.

Hatusemi kuitikia kwa pamoja kuachwe. Katika darasa kubwa kunafaa kwa mazoezi ya matamshi. Lakini mwanafunzi aliyezoea kurudia "mimi" ya mwalimu wake, siku atakapotakiwa kuandika barua au kutoa hoja barazani, ataitoa wapi "mimi" yake mwenyewe?