Tuanze na umeme, kiisha tununue mashine

Kuna franga zinazotoka kwa jasho katika karyeri za Itebero na kupotea Bukavu ao Goma kwa siku moja tu. Hatuzungumzii pombe. Tunazungumzia kompyuta za kucheza michezo, zile vijana wetu wananunua kipande kwa kipande ili kufungua chumba cha michezo hapa kwetu.

Inakuwa hivi: vijana wanakusanya likelemba, wanamutuma mmoja mjini. Prosesere anainunua kwa muuzaji huyu, barete ya RAM kwa yule, karte grafike kwa mwingine juu bei ilimupendeza. Anafunga vyote kwenye pikipiki, anapita Hombo na matope yake, anafika. Mashine haiwaki. Muuzaji ako mbali, na safari ya kurudi inakula hata kile kidogo kilichobaki.

Sisi hatuwalaumu vijana kwa kupenda michezo. Tunalosema ni hili: kununua vipande bila kuuliza kama vinaweza kukaa pamoja ni kutupa franga ndani ya shimo. Na kipande cha kwanza cha kuulizia ni umeme.

Jambo hili kila mchimbaji analijua katika kazi yake. Hakuna mtu ananunua motopompa bila kujua shimo linaenda chini kiasi gani, mupira wa maji uko na upana gani, na mafuta yatatoka wapi. Kompyuta ni vilevile.

Tuangalie umeme wenyewe. Kwetu nyumba nyingi zinategemea plake za jua na batri, ao gurupe. Batri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1200. Kama ni batri ya risasi, ukiitumia kupita nusu kila siku inakufa haraka, kwa hiyo uhesabu 600. Karte grafike ya GTX 1650, iliyotoka mwaka 2019, inakula wati 75. Pamoja na mashine yake, ekrani na kile konvertisere inapoteza, utafika karibu wati 200: unacheza saa tatu. RTX 3060 ya mwaka 2021 yenyewe tu inakula wati 170, na Nvidia inashauri kisanduku cha umeme cha wati 550. Hapo jumla inaweza kukaribia wati 400, na batri ileile inakupa saa moja na nusu. Wateja watakuwa wangali kwenye mechi ya kwanza, giza litaingia.

Kuna njia nyingine ambayo vijana wanaidharau: prosesere yenye picha ndani yake, kama Ryzen 5 5600G. Haihitaji karte grafike, na michezo ya mpira inaendesha. Kwa batri moja, hiyo ndiyo inayofaa Itebero, hata kama jina lake halitishi.

Kiisha kujua umeme, tuje kwa vipande. Prosesere inakaa kwenye karte mere, ule ubao mkubwa unaobeba vyote. Fasi yake inaitwa soketi, na lazima jina lake lifanane. Prosesere ya AM4 haiingii kwenye AM5. Na tujihadhari: kuna vitu vinavyoingia lakini havifanyi kazi. Prosesere ya Intel ya kizazi cha 8 inakaa vizuri kwenye soketi 1151 ya ubao H110, lakini mashine haiwaki, juu ubao ule ulitengenezwa kwa kizazi cha 6 na cha 7. Tuangalie pia herufi ya mwisho. Intel i5-12400F iko na F, maana yake haina picha ndani. Bila karte grafike, ekrani itabaki nyeusi.

RAM nayo iko na vizazi: DDR3, DDR4, DDR5. Kila kimoja kina mukato wake, na ukikilazimisha utavunja ubao. AM5 inakubali DDR5 tu.

Wengine wananunua kompyuta za ofisi zilizokwisha tumiwa, zile nyembamba za Dell ao HP, wakifikiri wataongeza karte grafike. Bei ni nzuri, lakini mingi kati yazo ziko na kisanduku cha umeme cha umbo lake pekee, chenye nguvu kidogo, na karte ya urefu wa kawaida haiingii. Kama unataka njia hiyo, tafuta karte fupi isiyohitaji waya wa umeme wa ziada.

Kuna watu watasema: nunueni PlayStation, inakuja imekamilika. Ni kweli, kwa kucheza tu hilo ni wazo zuri. Lakini kompyuta inaandika barua, inasaidia mwanafunzi, inaunganishwa na mashine ya kuchapa, na kipande kimoja kikifa unabadilisha kile tu. Chumba cha michezo chenye kompyuta kinaweza kulisha nyumba hata siku ambazo karyeri imefungwa. Ndiyo sababu hatutaki franga zake zipotee njiani.

Basi tunapendekeza mambo matatu. Kijana asitumwe mjini bila karatasi yenye majina kamili ya vipande vyote, pamoja na ukubwa wa batri na konvertisere iliyoko nyumbani. Vipande vyote vinunuliwe fasi moja, vifungwe na viwashwe mbele ya mnunuzi, mchezo uchezwe angalau nusu saa. Na risiti iandike kama muuzaji atabadilisha kipande kikikataa.

Muuzaji akikasirika, tumukumbushe jambo moja. Bati inayotoka kwenye kasiterite kama yetu ndiyo inayoshikilia vipande kwenye ule ubao. Tantali ya koltani inatumiwa kutengeneza vikondensa, na dhahabu imepakwa kwenye meno ya RAM. Tunapouza vitu hivyo, negosian hatoi franga kabla ya kupima kilo na kuangalia kama kuna mchanga ndani. Anatupima mbele ya macho yetu, nasi tunakubali, juu ndiyo biashara. Vikiturudilia vikiwa mashine, na sisi tupime kabla ya kulipa.