Kikao Huvunjika, Mchezo Haujaisha

Mwezi wa Shaabani nilikuwa Isiolo, nimekwenda kumtazama mtoto wa dada yangu ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. Baada ya sala ya alfajiri tuliketi katika mkahawa ulio kando ya barabara kuu iendayo Moyale, tukingoja chai ya maziwa ya ngamia. Haukupita muda wakaja vijana wanne, marafiki zake, wakavuta viti, na mazungumzo yakaanza.

Asubuhi za Isiolo, ndugu msomaji, si kama zetu za Mombasa au Lamu. Huku kwetu mtu huamshwa na muuza mahamri. Kule kila kijana alikuwa na kioja chake. Mmoja, anayepakia madumu ya maziwa ya ngamia katika mabasi ya Nairobi ili yawafikie wanunuzi wa Eastleigh, alisema alifungua mlango akakuta ngamia wa watu amelala kizingitini, hatoki wala hasukumiki, na basi linapiga honi. Wa pili ni dereva wa bodaboda. Abiria wake wa kwanza alimlipa kwa mayai sita, na matatu yakavunjika mfukoni. Mpwa wangu naye alisema kwamba juzi, mbele ya wanafunzi waliojipanga, mwalimu mwenzake alimwita “Msimamizi wa Kisima”, na watoto wakacheka hata kengele ikasahauliwa.

“Msimamizi wa kisima gani?” nikauliza.

“Mjomba,” akasema, “hilo ni jina langu la mchezoni.”

Hapo ndipo nilipojua kwamba vijana hawa, kila Jumamosi baada ya sala ya isha, hukutana kucheza mchezo wa kujivika uhusika. Kila mmoja huchukua nafsi ya mtu wa kubuni, na mmoja wao, mwendeshaji, huwasimulia mji, njia na mikasa. Kila mchezaji husema mtu wake atatenda nini, na kisa husonga mbele. Hakuna mshindi wala mshinde. Kikao kikivunjika, kisa hubaki pale pale hata juma lijalo, kama jahazi lililotia nanga.

Mchezo wa namna hii ulipata umbo lake la leo nchini Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa kanuni za mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Katika miaka ya 1980 baadhi ya wazazi na wahubiri wa huko waliupiga vita, wakidai kwamba unawaingiza watoto katika uchawi. Najua wasomaji wangu wa pwani nao watauliza: je, huu si uongo? Na dadu zake je?

Haya ni maswali ya haki. Kuhusu dadu, wanavyuoni wengi wa madhehebu yetu ya Kishafii wanaikataza, hata pasipo na kamari. Vijana wale wanalijua hilo, na dadu hawana. Jambo likitatiza, mwendeshaji huamua kwa hoja, na akishindwa, wote hushauriana. Hata Marekani kwenyewe upo mchezo wa aina hii usio na dadu, uliotolewa mwaka 1991. Ama kuhusu uongo, tukumbuke Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122. Katika Makamat zake hamsini alimbuni Abu Zaidi wa Saruji, mjanja aendaye mji hadi mji akijigeuza leo maskini, kesho mwenye hekima, na kitabu hicho kimesomwa na wanafunzi wa Kiarabu kwa karne nyingi. Uongo ni kumdanganya mwenzio. Mfano ambao wote wanajua kuwa ni mfano ni jambo jingine.

Tena sisi watu wa pwani hatuna haki ya kushangaa, kwani babu zetu walifanya zaidi ya hayo. Beni, ngoma iliyozaliwa katika miji yetu ya pwani mwishoni mwa karne ya 19, ilikuwa na wafalme, majenerali na madaktari wa kujipachika. Lamu na Mombasa zilijaa vyama vyenye vyeo na sare, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia askari na wapagazi waliieneza hata Tanganyika na Nyasa. Mchukuzi wa bandarini mchana, jioni alikuwa jenerali, na wenziwe walimpigia saluti.

Lakini beni haikuishi kwa ngoma peke yake. Ngoma ilikuwa ya siku moja. Kilichokiweka chama ni siku za katikati: kuchanga, kumtazama mgonjwa, kumzika maiti, kumpokea mgeni wa chama kutoka mji mwingine. Na pale beni ilipoharibika, iliharibikia katikati vile vile, kwa madeni ya kushindana na kwa matusi yaliyotungwa kati ya ngoma moja na nyingine.

Nilipowaambia hayo, vijana walitazamana. Kisha mwendeshaji, ambaye ndiye mwenye kupakia maziwa, akatoa daftari la shule lililopinda pembe. “Mzee,” akasema, “Jumamosi ni rahisi. Kazi ni Jumapili hadi Ijumaa.”

Katika daftari lile huandika nani yuko wapi kisani, nani anamdai nani, na ahadi gani ilitolewa. Humpitia kila mchezaji katikati ya juma, akamwuliza mtu wake anakusudia nini. Na ipo kanuni moja waliyojiwekea: hakuna ruhusa ya kujivika mtu wa kabila lako. Mpwa wangu, mtu wa pwani, ndiye asimamiaye zamu za kunywesha mifugo kisimani, kazi ambayo Waborana wana cheo chake, abba herega. Kijana wa Kiborana ni mvuvi wa Ziwa Turkana. Yule Mturkana wa bodaboda ni mfanyabiashara wa Kisomali. Kwa hiyo kila mmoja hulazimika kwenda kumwuliza mwenziwe: huku kwenu husalimianaje? Mtu akikosewa hudai nini? Na maswali hayo hayaulizwi Jumamosi, huulizwa njiani na dukani, katika siku za katikati.

Anayeijua Isiolo atafahamu uzito wa jambo hili. Ni mji uliokuzwa na kituo cha mifugo na askari wa Kisomali waliopewa makazi baada ya Vita vya Kwanza, na leo Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru wanaishi humo ubavu kwa ubavu. Wanakutana kwa Kiswahili. Wanagombana kwa malisho, maji, na siasa za viti. Katika machafuko ya mwaka 2011 na 2012 watu waliuawa na wengine wakakimbia nyumba zao.

Basi nikauliza iwapo fitina za nje hazijawahi kuingia katika mchezo wao. Wakanyamaza. Kisha yule wa bodaboda akasema kwamba asubuhi yake ya ajabu kuliko zote haikuwa ya mayai. Aliamshwa kwa simu kabla ya adhana, akaambiwa kwamba mbuzi wa ami yake wamechukuliwa usiku na mchungaji amejeruhiwa. Waliotajwa walikuwa watu wa kabila la rafiki yake, mvuvi wa mchezoni, aliyekuwa ameketi mkabala naye tulipokuwa tukizungumza.

Kwa majuma matatu hakuja. Katika kundi lao la simu mtu mmoja akatia mzaha juu ya mbuzi. Mwendeshaji aliufuta mzaha ule, akamwendea aliyeuandika nyumbani kwake, hakumjibu hadharani. Kisha akaenda kwa yule aliyekosekana, akakaa naye kibarazani saa nzima, na habari ya mchezo hakuitaja. Katika daftari aliandika tu kwamba mfanyabiashara amesafiri kununua chumvi na mzigo wake umewekwa amana. Hakumfuta, wala hakumpa mtu mwingine nafasi yake.

Jumamosi ya nne alikuja. Hakucheza, alikunywa chai akasikiliza. Ya tano akauliza, “Mzigo wangu uko wapi?” Mvuvi ndiye aliyejibu kwamba anao yeye, salama.

Sitaki kudai kwamba mchezo umeleta suluhu. Mbuzi wale, nilipoondoka, walikuwa hawajapatikana wote. Lakini nimekaa katika mabaraza mengi ya amani katika kazi yangu, na naujua ugonjwa wake. Watu hukusanyika, hotuba hutolewa, picha hupigwa, dua husomwa, kisha kila mtu huenda zake. Mwaka 2001 wazee wa Garissa, Wajir, Mandera na Isiolo walipatana Modogashe juu ya malisho, wizi wa mifugo na fidia. Maandishi yale yalikuwa mema. Lakini maandishi hayapigi simu. Siku ya pili baada ya baraza, nani atafuata nyayo za mnyama aliyepotea? Nani atafuta mzaha kabla haujawa tusi, na tusi kabla halijawa risasi? Hapo ndipo amani nyingi hufia, na magazeti yetu huwa hayapo.

Serikali za kaunti na kamati za amani zingefanya vyema kuitazama kazi hii ya katikati na kuiandalia watu na nauli, badala ya kumaliza fedha zote katika siku ya hema na viti vya kukodi. Na wazazi wa pwani wanaowaona vijana wamekaa mahali wakijiita majina ya ajabu, wawaulize kwanza mambo mawili: je, sala inawapita, na je, mwenzenu akikosekana mnamfanyaje? Jibu la swali la pili litawaonyesha kama ule ni upuuzi au ni chuo.

Niliwaachia ubeti mmoja katika daftari lile, nao wakanipa ruhusa ya kuuchapisha:

Kikao si cha usiku, mchezo ni wa mchana,
Asipokuja kwa siku, mwekeeni lake jina,
Msimsengenye huku, na kule mkipatana,
Amani si ya baraza, ni ya kutwa na ya kucha.