Mfumo umefungwa, mtoto hajafungwa

*1.*
Mama zangu na wadada wa Ijumbi, Kamachumu, Muleba mjini, na mlioko Bukoba: juzi niliandika mistari mitatu tu kuhusu hii lugha ya "mfumo umefungwa, rudi wiki ijayo", nikaletewa maneno. Kaka mmoja wa TEHAMA kaniambia, kwa heshima kabisa, kwamba nesi aongelee sindano, kompyuta awaachie wenyewe. Sawa kaka. Leo naongelea mizani.

*2.*
Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kituo kimoja, sitakitaja, na mfumo wenyewe sitautaja. Tulikuwa tunajaza uzito wa watoto kwenye kishikwambi, na ile sehemu ya uzito ilikuwa haipokei nukta. Ukiandika 6.4 yenyewe inaweka 6. Ukiandika 5.6 inaweka 6 vilevile. Ukisikia hivyo unaweza kucheka, eti nukta tu hiyo.

Akaja mama mmoja na mtoto wa miezi mitano. Kishikwambi kinaonyesha mwezi uliopita kilo 6, mwezi huu kilo 6. Mwenzangu akamwambia, "Hajaongezeka mama, nyonyesha mara nyingi zaidi," akaita anayefuata. Mimi nikaomba kadi ya kliniki, ile ya karatasi, imekunjika na ina doa la chai. Mwezi uliopita mkono wa mtu uliandika 6.4. Siku ile mizani ilisema 5.6.

Gramu 800, jamani. Mtoto wa miezi mitano kapungua gramu 800 kwa mwezi mmoja na kompyuta inasema hakuna kilichotokea! Nikamkalisha mama pembeni. Alikuwa anaona aibu kusema kwamba mtoto anaharisha wiki ya pili na nyumbani wanampa dawa za kienyeji. Alipewa rufaa siku ileile. Alipona, ndiyo maana naweza kuandika hapa bila kutetemeka.

*3.*
Kesho yake tuliandika ombi la marekebisho. Jibu lilirudi limenyooka: mfumo unaboreshwa kuwa toleo jipya, mabadiliko yote yamesimamishwa mpaka kazi iishe, ombi lenu limepokelewa.

Limepokelewa. Tukakaa wiki 11 na ombi lililopokelewa.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo, naomba mnisome vizuri. Katika wiki hizohizo 11 alikuja kiongozi mpya, na jina lake juu ya karatasi ya ripoti likabadilishwa ndani ya siku mbili. Kumbe mlango ulikuwa unafunguka! Ulifunguka kwa jina la mkubwa, ukagoma kwa nukta ya mtoto.

*4.*
Sasa nimtendee haki yule kaka, maana wengine mliandika kwenye komenti kwamba kufunga mabadiliko ni uvivu wa watu wa kompyuta. Hapana. Kuna sababu, na ni nzito.

Wakati mfumo mkubwa unahamishwa kutoka toleo la zamani kwenda jipya, kila kitu kinajaribiwa kwanza. Kama leo umejaribu, kesho mtu akagusa kitu, majaribio yako ya jana hayana maana tena. Ni kama unahesabu vichupa vya chanjo huku mwenzako anatoa na kuingiza. Mwaka 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake kwenye mfumo mpya haujakaa sawa, watu wapatao milioni 1.9 wakakosa kuingia kwenye akaunti zao. Na tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike ilituma badiliko moja lenye kasoro kwa kompyuta za dunia nzima kwa mpigo, kompyuta kama milioni 8.5 zikazima. Zahanati nyingi za madaktari wa familia Uingereza zilishindwa kufungua mafaili ya wagonjwa, wakarudi kwenye kalamu na karatasi. Kwa hiyo mtu wa TEHAMA anayesema "msiguse" anaweza kuwa anakulinda.

Nakubali yote hayo. Ugomvi wangu ni na neno moja tu kwenye lile jibu: "yote".

*5.*
Waliowahi kufanya kazi chumba cha chanjo wanajua friji likijaa barafu lazima liyeyushwe. Hakuna ubishi, usipoyeyusha litaharibu chanjo. Lakini je, siku hiyo tunawaambia akina mama chanjo zimefungwa? Tunatoa sanduku la baridi, tunapanga barafu zake, tunaweka kipimajoto, tunahakikisha ni nyuzi 2 mpaka 8, chanjo zinahamia humo, ndipo friji linazimwa. Na mtoto aliyekuja anachanjwa kutoka kwenye sanduku. Ukizima friji kabla ya kuandaa sanduku, utaitwa ujieleze, na hutakuwa na la kusema.

Mbona kwenye kompyuta tunaruhusu mtu azime friji bila sanduku?

Sanduku la mfumo ni nini? Ni vitabu vya MTUHA kuwepo mezani kabla ya siku ya kufunga, siyo kuvitafuta stoo siku ya kliniki. Ni tarehe ya kufunga na ya kufungua kubandikwa ukutani, mama aisome. Ni kutofunga siku ya kliniki ya watoto, hili halihitaji hata kwenda shule. Ni jina la mtu mmoja wa kupigiwa simu mwenye ruhusa ya kusema, "Hili ni la dharura, lipite." Na ni mtu aliyepangiwa, kwa siku anazolipwa, kuingiza yaliyoandikwa karatasini mfumo ukirudi. Mara nyingi hilo la mwisho tunaachiwa manesi usiku, lakini hiyo mada nina uchungu nayo, nitaiandika siku nyingine.

*6.*
Kaka yangu akasema: "Nesi, nikiruhusu moja, kila mtu atasema lake ni dharura."

Waitu, hayo ndiyo maisha yetu ya kila asubuhi! Foleni ina watu 60 na kila mmoja anasema yeye ndiye anaumwa zaidi. Hatufungi mlango. Tunapita kwenye foleni tukiangalia: anayedegedeka anaingia sasa hivi, anayepumua kwa shida anaingia sasa hivi, mwenye kikohozi cha siku tatu anasubiri, aliyekuja kuchukua cheti anasubiri zaidi, na kama ni mkubwa wa ofisi anasubiri vilevile. Maombi ya mabadiliko nayo yapitishwe hivyo. Swali ni moja: tukiacha hivi mpaka mwisho wa zuio, kuna mtu anaweza kudhurika? Kama ndiyo, lijaribiwe haraka, lipite, liandikwe ni nani karuhusu. Kama hapana, lisubiri, hata likiwa la rangi ya nembo au jina la kiongozi.

Tena kukataa kila kitu hakuzuii mabadiliko, kunayahamishia gizani. Sisi wenyewe tulikosea, nakiri. Tulipochoka kusubiri, baadhi yetu tukaanza kuandika 56 tukimaanisha 5.6, wengine wakaendelea na 6, wengine wakaacha wazi. Hakuna aliyeagiza, kila mtu na yake. Toleo jipya lilipofika likabeba yote kama yalivyo. Nilimuona mimi mtoto wa miezi mitano mwenye kilo 56. Tulikaa na vitabu vya MTUHA kurekebisha mmoja mmoja, na ambao vitabu vyao havikujazwa mpaka leo uzito wao wa miezi ile haujulikani.

*7.*
Kwa nini nawaandikia nyie na siyo ofisi? Ofisi nimeshaandikia. Nyie mna kitu ambacho mimi sina: mnaweza kuuliza pale dirishani bila kuogopa uhamisho.

Nchi hii inaenda kwenye mifumo na haitarudi nyuma. Sheria ya bima ya afya kwa wote ya 2023 maana yake kadi ya kila familia itasomwa kwenye mashine. Maboresho yatakuja tena na tena. Kwa hiyo shikeni haya.

Chanjo haihitaji kompyuta ili iingie mkononi kwa mtoto. Surua-rubella ni miezi 9 na miezi 18, mfumo uwe umelala au umeamka. Ukiambiwa rudi, uliza taratibu: "Sista, si mnaweza kuniandikia kwenye kitabu na kwenye kadi?" Ukijibiwa vibaya muulize mganga mfawidhi. Kituo kina kamati yenye wawakilishi wa wananchi, muulize wa kijijini kwako ni nani. Wengi hamuwajui, na wao wanafurahi hivyohivyo.

Kadi ya kliniki usiiache nyumbani eti "siku hizi wanaandika kwenye tablet". Kabla hujashuka kwenye mizani, soma namba wewe mwenyewe pamoja na nukta yake, na hakikisha ndiyo hiyo imeandikwa kwenye kadi. Bibi akimleta mtoto badala yako, mwambie hivyohivyo.

Na aliyeambiwa arudi wiki iliyopita na hajarudi, aje na kadi siku ya kliniki hata kama tarehe imepita. Hatakaripiwa, akikaripiwa aniite.

Maswali wekeni kwenye komenti, nitajibu nikitoka zamu. Mkitaka kunionyesha kadi, funikeni jina la mtoto na namba ya simu kwanza. Jana nimefuta picha mbili.