Mbwa Wako Unamfungulia Wapi?

Wiki hii naweka pembeni mbolea na viwavijeshi vamizi, tuzungumze mbwa. Najua baadhi yenu mmeshaguna. Mfugaji mmoja aliniambia hivi karibuni, "Bwana mifugo, mbuzi wangu wanakohoa, wewe unaniuliza mbwa?" Nilimjibu kwamba kukohoa kwa mbuzi nitakuja kukuangalia, lakini mbwa wako pia amo kwenye hesabu ya zizi lako, upende usipende.

Nikipita kwenye vitongoji huwa nauliza swali moja: mchana mbwa wako yuko wapi? Majibu ninayopata ni mawili tu. La kwanza, "amefungwa pale nyuma." La pili, "yupo yupo tu, jioni atarudi." Yote mawili yananisumbua, na lile la kwanza nilichangia mimi mwenyewe kulieneza, kwa hiyo nianze na hilo.

Miaka mitatu iliyopita, baada ya mbuzi kadhaa kuraruliwa usiku, nilisimama kwenye mkutano wa kijiji nikasema kila mbwa afungwe mnyororo kuanzia alfajiri mpaka usiku. Watu walipiga makofi. Mwenye duka mmoja, mtu mzuri na msikivu, alitii siku ile ile. Mbwa wake akafungwa mwembeni, mnyororo wa hatua tatu, kutwa nzima, siku zote. Kabla ya hapo alikuwa mbwa mpole, watoto wakimpita bila kumjali. Baada ya miezi michache akawa anabwekea kila kitu, hata kuku. Mnyororo ukawa umechimba duara kwenye udongo. Mimi nilipita pale mara nyingi, nikaliona lile duara, nikasema moyoni, vizuri, huyu amefuata ushauri.

Asubuhi moja mnyororo ulikatika. Mtoto wa miaka minane alikuwa anapita na ndoo ya maji. Aliumwa kwenye ndama ya mguu, meno yakazama. Watu walimuua mbwa kabla ya saa sita mchana. Kadi ya chanjo haikuwepo. Zahanati dawa haikuwepo, wakaelekezwa hospitali ya wilaya, na sindano zile si moja, ni za kurudi na kurudi. Baba wa mtoto aliuza mbuzi wawili kwa nauli na matibabu. Mtoto yuko salama, anasoma, namshukuru Mungu. Lakini kama yule mbwa angefungiwa mahali salama akaangaliwa kwa siku 10 bila kuonyesha ugonjwa, tungejua kwamba siku ile ya kuuma hakuwa na kichaa kwenye mate yake. Kwa kumuua na kumtupa tulijinyima jibu, familia ikabaki na hofu kwa miezi. Kwa kichaa cha mbwa hofu hiyo ni ya haki, maana dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona.

(Ukiumwa, au mtoto wako akiumwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake mafuta ya taa, usipake majivu. Halafu nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni mkwaruzo.)

Kwa hiyo leo nasema wazi: ushauri wangu wa mnyororo kutwa ulikuwa ushauri wa nusu. Mbwa ameumbwa kukimbia, kunusa na kukutana na wenzake. Ukimnyima yote hayo kila siku, hatulii, anakuwa mkali na mwenye woga. Akikatika, anatoka na hasira zote za siku alizokaa pale. Mimi nilitatua tatizo la mbuzi nikatengeneza tatizo la mtoto.

Sasa twende kwa yule wa "yupo yupo tu." Huyu mnamwona machinjioni. Wachuuzi wa nyama, hapa ni kwenu. Siku ya kuchinja, ini au pafu lenye malengelenge ya maji hukataliwa na mkaguzi wa nyama, na wengi wenu mnalitupa nyuma ya banda. Mbwa anakula. Ndani ya yale malengelenge kuna vichwa vya tegu wadogo sana. Mmoja akishakua kwenye utumbo wa mbwa hafikii hata urefu wa punje ya mchele, lakini mayai yake hutoka na kinyesi na kubaki kwenye majani. Mbuzi, kondoo au ng'ombe anakula yale majani, naye anaota malengelenge mapya kwenye ini. Mwaka unaofuata mnyama yule yule analetwa kwako uchinje, ini linakataliwa tena, na hasara ni yako wewe uliyelitupa la kwanza. Binadamu naye hupata malengelenge hayo kwa kula mayai kwenye mboga zisizooshwa au kwa mikono michafu, na tiba yake mara nyingi ni kupasuliwa. Tegu mwingine wa mbwa ndiye anayeingia kwenye ubongo wa mbuzi na kondoo, mnyama akazunguka mahali pamoja kama aliyelewa. Mnauita kizunguzungu, na wengine mnaamini ni kurogwa.

Utumbo na ini bovu lichimbiwe shimo refu lenye kifuniko, au lichomwe. Ukitaka kumpa mbwa, lichemshe nusu saa nzima. Mama lishe, mabaki yenu nayo yana sehemu yake katika habari hii, lakini ninyi nitawaandikia siku nyingine.

Basi tumfunge wapi, tumwachie wapi? Maoni yangu ni kwamba kila kitongoji kinahitaji mahali panapojulikana na saa zinazojulikana ambapo mbwa wenye kadi ya chanjo wanafunguliwa kamba, mwenyewe akiwa amesimama pale pale anaangalia. Nimesoma kwamba huko Marekani, katika mji wa Berkeley, California, watu wa mtaa walianzisha uwanja wa mbwa wenye uzio mwaka 1979, na leo miji mingi ya huko inayo. Sisemi tuige. Sisi hatuna fedha za uzio wa waya, na ardhi yetu ina kazi nyingine. Lakini wazo la mahali pamoja, saa maalumu na mwenye mbwa kuwepo, halihitaji fedha hata senti.

Mahali pazuri utapajuaje? Mimi huanza kwa kuuliza nani anapita pale. Kama ni njia ya shule, ya kisimani au ya msikitini, pasahau. Majirani wetu wengi ni Waislamu, na mtu aliyelambwa na mbwa ana kazi ya kuosha mara saba, moja kwa udongo, wakati adhana imeshaitwa. Ukimletea usumbufu huo kila jioni usishangae akiuchukia mpango wote. Mwulize kabla, usimwulize baada. Katika kata yangu mzee mmoja wa msikiti ndiye aliyenionyesha sehemu bora kuliko zote nilizokuwa nimezifikiria, kwa sababu yeye anajua nani anapita wapi na saa ngapi.

Halafu tazama mifugo. Uwanda unaolishiwa mbuzi haufai, hata kama mbwa wako ni mpole namna gani. Mbuzi akikimbia, mbwa atakimbiza, na akikimbiza na wenzake wawili hawatakuwa tena mbwa unaowajua. Kaa mbali na jalala, machinjio, lambo na barabara ya bodaboda. Shamba lililokwisha kuvunwa na lenye michongoma pande mbili au tatu linafaa sana, kwa ruhusa ya mwenye shamba. Uwanja wa mpira haufai, maana watoto wanachezea peku na minyoo ya mbwa huingilia hata kwenye ngozi ya mguu. Ukiona uzio wa minyaa, kuwa mwangalifu, utomvu wake ukiingia jichoni, la mbwa au lako, ni balaa. Pita kwanza mwenyewe kwa miguu uangalie chupa zilizovunjika, mashimo ya nyoka na chambo cha sumu ambacho watu huwatupia fisi.

Saa ninazozipendelea ni saa kumi na mbili asubuhi kabla mbuzi hawajatoka, na jioni mbuzi wakishaingia zizini. Nusu saa inatosha kabisa. Wengi mtashangaa mbwa aliyekimbia nusu saa anavyolala mchana bila kelele, na usiku yuko macho kulinda duka.

Siku ya kwanza usifungue tu. Njooni watatu au wanne mnaojuana, mtembee pamoja mbwa wakiwa kwenye kamba, bega kwa bega, kama watu wanaokwenda mnadani. Wakishazoea harufu ya mwenzao, fungua mmoja mmoja. Usimwage chakula chini, ugomvi mwingi huanzia kwenye mfupa. Jike aliye kwenye joto abaki nyumbani wiki tatu, la sivyo utakusanya madume ya kata nzima. Mtoto wa mbwa asiyechanjwa abaki. Mbwa anayetoa mate, anayeyumba au aliyebadilika tabia ghafla asiguswe, nipigie simu mimi. Kinyesi kifukiwe, jembe lipo nyumbani kwako. Na usimtume mtoto kwa niaba yako.

Kuna jambo moja linalowashinda wengi: mbwa kuitwa akarudi. Hili hufundishwa uani kwako kabla ya kwenda kokote. Chukua kamba ndefu ya katani, kama hatua kumi, mwite jina, akija mpe dagaa mmoja. Dagaa mmoja, si sahani. Fanya hivyo siku kumi na tano. Usimwite kamwe kwa ajili ya kumpiga. Mbwa aliyewahi kuitwa akapigwa atafikiri mara mbili kila utakapomwita, na siku anayokimbilia mbuzi wa jirani zile fikra mbili zitakugharimu.

Kwa asiye na uwanja karibu, bado kuna njia nzuri kuliko mnyororo wa hatua tatu. Tandaza waya mgumu kati ya miti miwili, mita kumi au kumi na tano, tia pete, funga kamba kwenye pete. Mbwa anatembea kwenda na kurudi, ana kivuli, ana maji. Si sawa na kukimbia, lakini ni mbali sana na lile duara la mwembeni.

Wapo watakaosema huu ni uzungu, mbwa ni mbwa. Nimewasikia. Lakini Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 ni ya kwetu, na inamtaka mwenye mnyama amtunze bila kumtesa. Wengine watasema tuwaue wote wanaozurura tumalize. Hilo limejaribiwa sehemu nyingi duniani na kichaa hakikuisha, kwa sababu nafasi ya waliouawa huchukuliwa na wageni wasiochanjwa. Kinachokizuia ni chanjo. Shirika la Afya Duniani linasema angalau mbwa 70 katika kila 100 wawe wamechanjwa. Sasa fikiria: mbwa asiyejua kamba, anayezurura, nitamchanja vipi? Siku ya chanjo ndiyo wale wanaokimbia, na wenyewe wanarudi nyumbani wakisema "ameshindikana." Mbwa aliyezoea kamba, watu na wenzake huletwa na mtoto wa shule bila shida. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kulitetea jambo hili, kuliko hata furaha ya mbwa, ingawa nayo naipenda.

Mkitaka liwe na nguvu, lipelekeni kwenye halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, liandikwe kwenye muhtasari: mahali, saa, na kwamba asiye na kadi haingii. Mkitaka iwe sheria ndogo yenye faini, itabidi ipitishwe na halmashauri ya wilaya, na hapo subira inahitajika. Msisubiri sheria ndogo kuanza. Watu wanne wanatosha.

Chanjo ni kuanzia umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka. Dawa inatunzwa kwenye baridi, kwa hiyo nikitangaza siku, njoo siku ile, usinifuate wiki inayofuata. Dawa ya minyoo nashauri kila miezi mitatu, hasa kwa mbwa wanaoishi karibu na machinjio.

Yule mwenye duka amepata mtoto wa mbwa mwezi uliopita, wa rangi ya kahawia, masikio hayajasimama bado. Alikuja ofisini na swali ambalo miaka mitatu iliyopita hakuniuliza, wala mimi sikumpa nafasi ya kuuliza: "Nikishamchanja, nitamfungulia wapi?" Jumatano tulitembea wote nyuma ya ghala la zamani, tukaangalia michongoma, tukakubaliana na mwenye shamba. Baba wa yule mtoto tulimkuta njiani, tukamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza saa ngapi hasa, ili binti yake achote maji mapema. Tukasogeza saa yetu mbele.