Mvua ilinyesha, watu wakafa njaa



Jumapili iliyopita, katika sala za waamini, tuliwaombea ndugu zetu wa Sudan wanaokufa njaa, Mungu awashushie mvua. Tukaitikia sote kwa sauti kubwa. Baada ya Misa, katekista wetu mstaafu, mzee wa Songea, akanifuata sakristia. “Baba Paroko, hivi kule Sudan mvua haijanyesha?”

Niliona aibu. Ombi lile nililipitisha mimi.

Tatizo la Sudan si mvua. Agosti 2024 wataalamu walithibitisha baa la njaa katika kambi ya Zamzam, karibu na El Fasher. Mji ulikuwa umezingirwa na wapiganaji wa RSF, na ulibaki hivyo hadi walipouteka Oktoba 2025. Upande wa pili, serikali ya kijeshi iliufunga mpaka wa Adré, njia ya misaada kutoka Chad, tangu Februari 2024 hadi Agosti, kwa hoja kwamba silaha zinapita humo. Malori yapo, unga upo, ruhusa hakuna.

Yule mzee alijua anachouliza. Shuleni tulifundishwa Vita vya Maji Maji kwa maji ya Kinjeketile na risasi za Wajerumani. Lakini wengi hawakufa kwa risasi. Walifukuzwa mashambani mwao wakafa njaa.

Hata chanzo chake kilikuwa shambani. Serikali iliwalazimisha watu kulima pamba, siku ambazo wangelima chakula chao, kwa malipo madogo kiasi kwamba wengine waliyakataa. Julai 1905 watu wa Umatumbi waling'oa pamba. Vita vilipoenea, Kapteni Wangenheim alimwandikia Gavana von Götzen kwamba mapigano peke yake hayatoshi, na kwamba njaa ndiyo itakayowafanya watu wasalimu amri. Basi wakachoma vijiji na maghala, wakaharibu mazao, wakachukua akiba. Mvua ilipokuja haikukuta mbegu. Serikali ya Kijerumani ilikiri vifo 75,000. Wapo wanahistoria wanaokadiria 250,000 hadi 300,000. Sehemu za kusini zilizokuwa na mashamba ziligeuka pori la tembo na mbung'o.

Sasa niseme la kwetu. Seminarini nilifundishwa habari za Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliyeuawa mwaka 1905 pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Tunawakumbuka, na ni haki. Kuhusu maelfu waliokufa njaa Ungoni na Ungindo sikumbuki kusikia hata somo moja. Miaka iliyofuata watu wengi walikuja misheni. Tumezoea kuiita neema, na neema ilikuwepo, siikatai. Lakini mtu aliyechomewa ghala akaja mlangoni kwako, bila shaka alifuata uji pia. Alistahili tumuulize ghala lake lilichomwa na nani.

Ukitaka Maandiko, chukua kitabu cha Mwanzo. Sura ya 41 tunaihubiri sana: Yosefu mwenye hekima, ng'ombe saba wanono, ghala zimejaa. Sura ya 47 tunairuka. Humo Yosefu huyo huyo anawauzia Wamisri nafaka. Wanatoa fedha zote, kisha mifugo, kisha mashamba, mwisho wanajitoa wenyewe kuwa watumwa wa Farao. Nafaka ile ilikusanywa kutoka mashamba yao! Sisemi Yosefu alikuwa mtu mbaya. Aliokoa maisha, na Biblia inasema hivyo. Ila baadaye, anapokuja Farao asiyemjua Yosefu, ni watoto wa Israeli wanaofyatua matofali chini ya utawala ambao ndugu yao aliupa nguvu.

Mwaka 2018 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2417, kwa kauli moja, kulaani matumizi ya njaa kama silaha ya vita. Miaka sita baadaye ikaja Zamzam. Karatasi ipo, wa kuisimamia ndiye anayetafutwa, na serikali zetu za Afrika zinayo sauti katika vikao hivyo. Viongozi wengi waliomo ni waamini wenzetu. Tunakaa nao benchi moja.

Kwa Misa ya leo nilimwomba yule mzee aandike mwenyewe ombi la Sudan. Ameliandika kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari. Hakutaja mvua. Anawaombea walioshika barabara, wafungue, na sisi tunaojua, tusinyamaze.